Kocha Mpya na Ufunguo wa Stoo

Walimu wangu mlionitangulia katika kazi hii, shikamooni. Makocha wenzangu, na nyie vijana mliokaa nyuma karibu na mlango mkidhani siwaoni, habari za mchana.

Jana jioni tukiwa kwenye chai, kocha mmoja kijana aliniuliza swali nikalala nalo. Ameitwa na chuo fulani. Timu yao ya kikapu imefungwa msimu mzima, na uongozi umemwambia, "Tunakutegemea wewe." Akaniuliza, "Mzee, hivi kocha mpya anaweza kweli kuinua timu iliyokufa, au naenda kubebeshwa maiti?" Nilimjibu kwa mzaha, kisha nikamtazama usoni nikaona haya. Kwa hiyo mada niliyopangiwa leo, ya ulinzi wa eneo, ule wa kila mchezaji kukaba sehemu yake ya uwanja, waandaaji mnisamehe. Ulinzi wa eneo haukimbii. Nitamjibu yule kijana.

Nianze na mimi mwenyewe, dakika mbili tu. Nilipokuwa chuo, na chuo chenyewe sikitaji, tulibadilishiwa makocha watatu ndani ya miaka minne. Tulikuwa na mipira mitatu. Mmoja ulikuwa na nundu. Ukiudunda unakwenda upande kama kaa. Mipira ilifungiwa stoo, na ufunguo alikaa nao mtunza stoo, ambaye ikifika saa tisa na nusu ameshapanda daladala. Mazoezi yalianza saa kumi. Kocha wa kwanza akaona isiwe tabu, akatukimbiza. Alipofungashiwa virago tulikuwa na mapafu ya punda na hatujui kufunga. Wa pili alikuja na ubao wa mbinu, mishale myekundu, mishale ya bluu, na sisi tukazidi kuwa kichwa cha mwendawazimu, kila kinyozi anajifunzia. Wa tatu alikuwa mama mmoja mfupi aliyetokea kwenye netiboli. Wiki mbili nzima hakutuambia neno kuhusu mbinu. Alikwenda kwa mtunza stoo, akaenda kwa bosi wa mtunza stoo, akaenda kwa bosi wa bosi, akarudi na ufunguo wa pili kaufunga kwenye kanga. Msimu ule tulishinda mechi tano. Tano ni chache, najua. Msimu wa nyuma yake tulishinda moja, na hiyo wapinzani hawakutokea.

Sasa nawapeleka mbali, mahali ambapo swali la yule kijana limejibiwa zaidi ya mara moja katika nyumba ile ile. Twende Storrs, jimbo la Connecticut, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Storrs ni kijiji kilichobeba chuo kikuu. Chuo kilianza mwaka 1881 kama shule ya kilimo, na mpaka leo kina ng'ombe wake wa maziwa na duka lake la aiskrimu. Wenyewe wanakiita UConn. Watanzania wengi tunakijua kwa sababu ya Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam ambaye mpira wa kikapu aliuanza akiwa na miaka 15 hivi, na akacheza pale kuanzia 2006 hadi 2009. Nitamrudia.

Mwaka 1979 UConn walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa ligi ya Big East. Wenzao wakaitumia ligi hiyo kama ngazi: Georgetown wakawa mabingwa wa taifa 1984, Villanova 1985. UConn wakabaki kuwa mahali pa watu kwenda kuchukua ushindi. Misimu minne mfululizo, kuanzia ule wa 1982-83, walipoteza mechi nyingi kuliko walizoshinda. Kocha wao, Dom Perno, alikuwa mtoto wa nyumbani, aliyeichezea timu hiyo hiyo ujanani. Msimu wake wa mwisho alishinda 12 akapoteza 16, akajiuzulu.

Mei 1986 akaletwa Jim Calhoun, miaka 44, kutoka Northeastern, chuo cha Boston ambako alikuwa amekaa miaka 14. Huyu baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 15. Akafanya vibarua vya kila namna, vikiwemo kuchimba makaburi na kuchonga maandishi kwenye mawe ya makaburi. Mtu wa namna hiyo ukimwambia timu imekufa, hashtuki.

Msimu wake wa kwanza alishinda 9, akapoteza 19.

Naona mnaandika. Wekeni kalamu chini kidogo. Aliyeondoka aliacha 12 na 16. Aliyekuja kuokoa akaleta 9 na 19. Kwa hesabu ya mashabiki, na kwa hesabu ya viongozi wengi ninaowafahamu mimi, kocha mpya ameharibu. Hapa kwetu asingefika Pasaka.

Lakini tazameni kilichotokea ndani ya namba hizo. Katikati ya msimu wachezaji wake wawili tegemeo, Cliff Robinson na Phil Gamble, walizuiwa kucheza kwa sababu ya alama za darasani. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi najua makocha, wengine wamo humu, ambao wangekwenda kwa mhadhiri na zawadi. Wale wawili wakakaa nje, timu ikafungwa na kila apitaye. Mwaka uliofuata wakarudi. UConn wakashinda 20, wakaingia New York kwenye fainali ya NIT, lile shindano la pili kwa hadhi, wakawafunga Ohio State. Mchezaji bora wa shindano akawa Phil Gamble, yule yule aliyekaa nje kwa sababu ya darasa.

Na kulikuwa na kijana mwingine wa mwaka wa kwanza katika timu ile ya 9 na 19, jina lake Tate George. Mwekeni akilini.

Calhoun akafanya jambo ambalo halionekani kwenye ubao wa matokeo: akageukia vijana wa jimbo lake mwenyewe. Akamchukua Chris Smith wa Bridgeport. Akamchukua Scott Burrell wa Hamden, kijana mwenye mkono wa kurusha besiboli kiasi kwamba timu ya kulipwa ya Seattle ilimchagua katika raundi ya kwanza mwaka 1989. Na mwezi Januari 1990 chuo kikafungua ukumbi mpya, Gampel Pavilion, pale pale kijijini. Msimu huo walishinda 31.

Ilikuwa Machi 1990, mashindano ya taifa, dhidi ya Clemson. UConn wako nyuma kwa pointi moja. Imebaki sekunde moja, na mpira wanautoa wao, chini ya kikapu chao wenyewe, uwanja mzima mbele yao. Burrell akashika mpira kwa ule mkono wa besiboli, akaurusha kutoka ncha hii hadi ncha ile. Tate George akaruka, akaudaka, akageuka, akaachia. King'ora kikalia mpira ukiwa hewani. 71 kwa 70.

Watu wanaionyesha picha ile kama bahati. Mimi kila nikiiona naona ngazi mbili. Mrushaji ni mtoto wa jimboni ambaye kocha alimfuata nyumbani. Mfungaji ni mtoto aliyevumilia mwaka wa 9 na 19 na hakuhama. Siku mbili baadaye, msinicheke, Christian Laettner wa Duke aliwafanyia UConn vile vile, kwa pointi moja, ndani ya muda wa nyongeza, wakatolewa. Ndiyo mpira. Ubingwa wa taifa Calhoun aliupata mwaka 1999, akiwafunga Duke hao hao 77 kwa 74. Ni miaka 13 toka aajiriwe.

Na kabla sijasahau: mwaka mmoja kabla ya Calhoun, chuo hicho hicho kilimwajiri Geno Auriemma kufundisha timu ya wanawake. Msimu wake wa kwanza 12 na 15. Kufikia 2025 ana makombe 12 ya taifa. Kijiji kile kile, ng'ombe wale wale. Kina mama mliomo humu, hili la Auriemma linahitaji siku yake peke yake, na mimi nitakuja kukaa nyuma na wale vijana wa mlangoni nisikilize.

Sasa Thabeet. Alipofika Storrs mwaka 2006, timu ilikuwa imetoka kupoteza wachezaji watano waliochukuliwa na NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, kwa mkupuo mmoja. Msimu wake wa kwanza walishinda 17, wakapoteza 14, mashindano ya taifa wakayatazama kwenye televisheni. Mashabiki walikasirika. Kocha ni Calhoun yule yule, mwenye makombe mawili ya taifa kabatini. Hakuguswa. Wakampa kijana wetu mrefu muda wa kujifunza kusimama mahali panapotakiwa, maana kuzuia mipira alikuwa anajua, ila miguu ilikuwa inachelewa. Mwaka 2009 walishinda 31, wakapoteza 5, wakafika nusu fainali ya taifa. Thabeet akawa mchezaji bora wa ligi, akigawana heshima hiyo na DeJuan Blair wa Pittsburgh. Mwezi Machi mwaka huo walicheza na Syracuse mchezo wa nyongeza sita pale Madison Square Garden, ukumbi wa New York yanakochezwa mashindano ya Big East, ukaisha baada ya saa saba usiku, 127 kwa 117, wakafungwa. Miezi mitatu baadaye Memphis, timu ya NBA, wakamchagua wa pili katika Marekani nzima. Nalisema hili kwa sababu wakati mwingine dawa ya timu mbovu si kocha mpya. Ni kocha wa zamani na watoto wanaokua.

Hapo ndipo pana mtego mkubwa, na viongozi wa vyuo huuingia wakitabasamu. Kocha hufukuzwa lini? Timu ikifika chini kabisa. Na timu iliyofika chini kabisa, mwaka unaofuata mara nyingi inapanda kidogo hata ukiiachia mlinzi wa geti aifundishe: majeruhi wanapona, mechi za pointi moja zinageuka, watoto wa mwaka wa kwanza wanakuwa wa mwaka wa pili. Ni kama homa. Watu wanamkimbilia mganga homa ikiwa kileleni. Ikishuka, mganga anapewa mbuzi.

Mechi za pointi moja sizisemi hivi hivi. Louisville, chuo kikubwa cha kikapu huko Kentucky, mwaka 2022 walimleta Kenny Payne, mtoto wa nyumbani, aliyekuwemo kwenye timu yao iliyochukua ubingwa wa taifa 1986. Mji mzima ulishangilia. Mechi yake ya kwanza akafungwa 67 kwa 66. Ya pili, 73 kwa 72. Ya tatu, 61 kwa 60. Mechi tatu, pointi tatu. Ningekuwa mimi ningetafuta shehe na padri kwa pamoja. Lakini bahati mbaya haidumu mechi 32, na msimu ulipoisha ilikuwa ushindi 4 kwa vipigo 28. Msimu wa pili 8 kwa 24. Akaondoka na 12 kwa 52. Mapenzi ya nyumbani ni kitu kizuri, ila hayafundishi mtu kurudi kukaba.

Akaja Pat Kelsey mwaka 2024. Msimu wake wa kwanza akashinda 27, akapoteza 8. Kutoka 8 hadi 27 kwa mwaka mmoja! Na msimu huo huo Michigan, ambao nao walitoka kwenye 8 na 24, wakashinda 27 chini ya kocha mpya Dusty May. Yule kijana wangu akisikia hivi atasema, mzee, mbona ulinipigia hadithi ya miaka 13?

Sheria zimebadilika, mwanangu. Zamani mchezaji wa chuo akihama, alikaa nje mwaka mzima. Tangu 2021 anahama na kucheza hapo hapo, na tangu mwaka huo huo anaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yake. Kuanzia msimu wa 2025-26 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wanamichezo wake, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka huo wa kwanza. Yaani wana dirisha la usajili kama Simba na Yanga. Kelsey hakuwafufua wale wa 8 na 24. Alifagia karibu nyumba nzima akaingiza wapangaji wapya: huyu katoka Wisconsin, huyu Colorado, huyu kaja naye kutoka kazi yake ya zamani. Sisemi ni rahisi. Kuchagua watu kumi na kitu wasiojuana na kuwafanya wakabe pamoja ndani ya miezi mitano ni ufundi mkubwa, na wenye pesa nyingi kuliko yeye wameshindwa. Lakini wapangaji ni wapangaji. Mwaka ukiisha unatafuta wengine.

Wenzetu hawasemi timu tu, wanasema programu. Timu ni wale kumi na wawili wa mwaka huu. Programu ni kile kinachobaki wakihitimu. Mimi naamini timu inageuzwa kwa msimu mmoja ukiwa na pesa na jicho. Programu sijaiona ikigeuzwa kwa msimu mmoja popote.

Turudi Storrs mara ya mwisho, maana nyumba ile iliporomoka tena. Calhoun alistaafu 2012, na si kwamba aliondoka malaika: alifungiwa mechi tatu kwa makosa ya usajili, na 2013 timu ikazuiwa mashindano ya taifa kwa sababu ya rekodi ya masomo. Mwanafunzi wake Kevin Ollie akachukua ubingwa 2014. Lakini ligi ya Big East ilikuwa imeshavunjika mikononi mwao 2013, wakajikuta wanasafiri kwenda kucheza na Tulsa huko Oklahoma, na watoto wa New York waliokua wakiota Madison Square Garden wakaanza kuchagua vyuo vingine. Msimu wa 2017-18 wakaishia 14 na 18. Ollie akafukuzwa kwa namna ambayo baadaye msuluhishi aliamuru chuo kimlipe zaidi ya dola milioni 11. Viongozi mliomo humu, hiyo ndiyo bei ya hasira.

Akaletwa Dan Hurley. Msimu wa kwanza, mnaweza kukisia: 16 na 17. Waliofuatilia hawakushtuka, kwa sababu huko Rhode Island alikotoka alianza na 8 na 21, akafuatisha 14 na 18, ndipo akaanza kupanda. Mwaka 2020 chuo kikarudi Big East, na hilo Hurley mwenyewe hakulifanya. Walilifanya watu wa ofisini. Mwaka huo huo akaingia Adama Sanogo, kijana wa Mali. Mwaka 2021 wakatolewa raundi ya kwanza. Mwaka 2022 wakatolewa raundi ya kwanza tena. Hapo kocha alikuwa amekalia kuti kavu kwa kipimo chochote cha kwetu. Mwaka 2023 wakawa mabingwa wa taifa, na mchezaji bora wa fainali zile akawa Sanogo, akiwa kwenye mfungo wa Ramadhani. Mwaka 2024 wakawa mabingwa tena. Katika miaka hiyo miwili walicheza mechi 12 za mashindano ya taifa, na hakuna hata moja waliyoshinda kwa chini ya pointi 10.

Kijana wangu, yuko wapi? Ah, umehamia mbele. Nenda kaichukue kazi. Ila kabla hujasaini, usiwaulize mshahara kwanza. Waulize watafanya nini mwezi wa pili wa mwaka wa kwanza, ukiwa umeshinda tatu na umepoteza kumi. Waulize mechi ikigongana na mtihani nani anaamua, na usipende jibu la haraka mno. Waulize shule za sekondari za mkoa ule zenye vijana warefu ni zipi, na lini mtu wa chuo chao alikanyaga pale mara ya mwisho. Wakikujibu vizuri utaweza, labda si kwa mwaka mmoja. Wakikodoa macho, basi maiti uliyoitaja jana si timu.

Na ukifika, anza na stoo.

Maswali nitayapokea uwanjani, maana hapa joto. Saa kumi tukutane kwenye magoli ya upande wa mwembe tufanye ule ulinzi wa eneo niliowadhulumu. Mipira ipo kumi na minane, nimehesabu kwa macho kupitia dirishani. Mwenye ufunguo naambiwa yuko njiani.